Me 262: Ni amri ya Hitler au ni injini ndiyo iliyoichelewesha?

#1 Kipanga Mweusi (mleta mada)

Salaam wanajukwaa. Iko kauli niliyoisikia tangu nikiwa shuleni, nayo hurudiwa kila panapozungumzwa Vita Kuu ya Pili, kwamba Wajerumani walikuwa na ndege ya jeti ambayo ingewarudishia anga lao, yaani Messerschmitt Me 262, lakini Hitler mwenyewe akaiharibu kwa kung'ang'ania ibebe mabomu badala ya kuwinda ndege za Marekani na Uingereza zilizokuwa zikiteketeza miji yake. Wanaosema hivyo hutaja Novemba 26, 1943, siku ndege hiyo ilipoonyeshwa mbele yake huko Insterburg naye akauliza kama inaweza kubeba mabomu, na hutaja pia hasira yake ya Mei 1944 alipogundua kwamba zilizokuwa zikiundwa hazikuandaliwa kwa kazi hiyo.

Niliiamini kauli hii kwa miaka mingi. Kilichonitia shaka ni tarehe moja tu: Me 262 iliruka kwa injini za jeti peke yake Julai 18, 1942 huko Leipheim, miezi kumi na sita kabla ya onyesho la Insterburg. Kama ndege ilikuwa tayari, miezi hiyo yote ilikwenda wapi? Naomba wenye ujuzi wanisaidie, ila tafadhali tusiishie kwenye "Hitler alikuwa mwendawazimu", kwa sababu hilo halielezi kwa nini kiwanda hakikuwa na kitu cha kutoa.

#2 MwanaKilwa

Mleta mada, usiiache kauli ya zamani upesi hivyo. Adolf Galland, aliyekuwa mkuu wa marubani wa ndege za kudungulia, aliirusha Me 262 kwa mara ya kwanza Mei 22, 1943, na aliposhuka alishauri mradi wa Me 209, ambayo ilikuwa ndege ya pangaboi, uachwe ili nguvu zote zielekezwe kwenye jeti. Mtu wa ngazi yake alisema hivyo mwaka mzima kabla ya ndege kuingia vitani. Ushauri ulipopanda juu ulikutana na wakuu waliopenda kushambulia kuliko kujilinda. Naona kosa ni la uongozi, na injini imekuwa kisingizio cha wahandisi walioandika kumbukumbu zao baada ya vita.

#3 Fundi Kasuku

Ndugu MwanaKilwa, nakubali kwamba wakuu walioshindwa hupenda kumtupia lawama aliyekufa, lakini hapo umeugeuza mshale. Waliomlaumu Hitler baada ya vita ni hao hao marubani na wahandisi. Injini haikuwatetea, iliwaumbua.

Tazama mfuatano wenyewe. Mfano wa kwanza wa Me 262 uliruka Aprili 18, 1941 bila jeti hata moja, kwa kuwa injini zake hazikuwapo. Walipachika puani injini ya kawaida ya pangaboi, Jumo 210, ili angalau wajue kama mabawa yanabeba. Machi 25, 1942 walijaribu kuongeza injini mbili za jeti za BMW. Zote mbili zilikufa muda mfupi baada ya kuruka, na rubani Fritz Wendel akarudi chini kwa msaada wa lile pangaboi ambalo kwa bahati hawakuwa wameling'oa. Ndege iliyoruka Julai 1942 ilitumia injini nyingine, Jumo 004 ya toleo la A, ambayo ilitumia nikeli na kromi kwa wingi, madini ambayo Ujerumani iliyozingirwa haikuwa nayo ya kutosha. Kwa hiyo injini iliyofanikiwa siku ile haikuwa injini ambayo wangeweza kuizalisha kwa maelfu.

Ikabidi Anselm Franz, mhandisi mkuu wa injini hiyo, na wenzake waiunde upya. Katika toleo la B chemba za kuchomea mafuta zilifanywa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini ili kisiliwe na moto, na kromi ikapunguzwa hadi kilo mbili na kitu kwa injini nzima. Ni ubunifu wa hali ya juu, lakini chuma ni chuma. Injini hiyo ilidumu kati ya saa 10 na 25, kisha ilipaswa kufunguliwa. Injini ya Welland ya Rolls-Royce, iliyoingia kazini mwaka 1944 katika Gloster Meteor, jeti ya Waingereza, iliruhusiwa saa 180 kabla ya matengenezo makubwa. Anayesema ndege ilikuwa tayari mwaka 1942 anaangalia bati la nje tu.

Tena hapo sijagusa mtetemo wa vile vya turbini (kimoja ni kile), yaani mapanga madogo ya gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto, uliokuwa ukivivunja mwaka 1943. Injini ilikuwa na chemba sita, kwa hiyo kila kile kilipozunguka mara moja kilipigwa na mapigo sita ya gesi ya moto, na mapigo hayo yalipolingana na mlio wake wa asili, kilitetemeka hadi kikakatika. Inasimuliwa kwamba Junkers, kampuni iliyounda injini za Jumo, walimwajiri mwanamuziki avipitishie upinde wa fidla ili aisikie sauti ya kila kimoja.

#4 Bi Zuhura wa Vuga

Fundi Kasuku, mimi ni mpigaji wa fidla katika kikundi cha taarabu, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na jukwaa hili nimeona kazi yangu ikitajwa kwenye uzi wa silaha. Nawaambia kwamba jambo hilo linawezekana kabisa, kwa sababu sikio lililozoea kupatanisha nyuzi husikia tofauti ndogo mno katika mlio wa chuma, na bilauri mbili zilizotoka kiwanda kimoja hazilii sawa. Swali langu ni hili: wakishajua kwamba kile kinalia vibaya, walikirekebishaje? Fidla ina vigingi vya kukaza, lakini kile cha turbini hakina.

#5 Fundi Kasuku

Bi Zuhura, swali lako ni zuri kuliko mengi yaliyowahi kuulizwa humu. Walifanya mambo mawili. Kwanza walivibadilisha vyenyewe, wakavifupisha kwa milimita moja hivi na kuvifanya vyembamba zaidi kuelekea nchani, na hilo lilipandisha mlio wake. Pili walishusha kasi ya juu ya injini kutoka mizunguko 9,000 kwa dakika hadi 8,700 ili isifike pale penye ugomvi. Kwa lugha yako, walikata waya kidogo, kisha wakakubaliana kutoimba noti ile ya juu kabisa.

#6 Nyuki wa Tabora

Kabla hatujaendelea naomba kuweka sawa suala la nani alitangulia, maana kwenye uzi mwingine nilisoma kwamba Meteor ndiyo jeti ya kwanza kupigana. Kikosi namba 616 cha Uingereza kilianza kupokea Meteor Julai 1944 na kikafanya safari yake ya kwanza ya kivita Julai 27. Siku moja kabla, Julai 26, Me 262 ya kikosi cha majaribio cha Lechfeld ilikuwa imekwisha kuishambulia ndege ya upelelezi ya Mosquito, ambayo ilijeruhiwa lakini ikaponyoka hadi Italia. Ni tofauti ya siku moja, na kwa siku hiyo moja watu wamekunywa chai nyingi wakibishana.

Kazi zao, hata hivyo, hazikufanana. Meteor za mwanzo ziliwekwa kulinda kusini mwa Uingereza dhidi ya mabomu ya kujirusha ya V-1. Agosti 4, 1944 rubani aitwaye Dean aliona mizinga yake imekwama, akaisogelea V-1, akaingiza ncha ya bawa lake chini ya bawa la bomu na kuliinua mpaka likapinduka. Nadhani hakuna shule ya urubani iliyowahi kuliandika jambo hilo kwenye mtaala.

#7 Mpanda Minazi

Wengi wenu mnaizungumzia Me 262 kana kwamba ukishaiwasha imekwisha kuwa mshindi. Mimi ningependa tuizungumzie kama chombo kinachoshikwa na mkono wa mtu, kwa sababu naona huko ndiko yalikokuwa matatizo yasiyoandikwa kwenye amri za Hitler.

Mifano ya kwanza ilikaa chini kwa gurudumu la mkia kama ndege za zamani. Ndege ikiwa imeinua pua hivyo, moto wa injini ulipiga ardhi na mkia ukakosa hewa ya kuuinua, kwa kuwa hakukuwa na pangaboi la kuupulizia. Wendel aliambiwa kwamba akifika kasi ya kilomita 180 hivi kwa saa aguse breki. Fikirini jambo hilo: mtu anakimbia ili aruke, na katikati ya kukimbia anafunga breki ili mkia unyanyuke. Alifanya hivyo, na ilikubali. Baadaye walihamishia gurudumu puani.

Likaja suala la mkono wa mafuta. Rubani aliyezoea injini ya pistoni alijua kwamba akiusukuma, nguvu inakuja papo hapo. Jumo 004 haikuvumilia pupa hiyo, na rubani aliyesukuma haraka injini ikiwa chini ya mizunguko 6,000 hivi alikuwa anamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyokuwapo, kwa hiyo aliunguza turbini au injini ilizima kabisa. Matokeo yake, aliyekwisha kupunguza kasi ili atue hakuwa na njia ya kubadili mawazo. Marubani wa Mustang, ndege za pangaboi za Marekani, walilijua hilo mapema wakawa wanasubiri karibu na viwanja. Oktoba 7, 1944 Urban Drew alizidungua mbili zikiwa ndiyo kwanza zinaruka, na Wajerumani wakalazimika kuweka ndege za pangaboi zilinde jeti zinapotua. Ndege ya kasi ya kilomita 870 kwa saa ilikuwa inasindikizwa nyumbani na zile ilizokuja kuzistaafisha.

#8 MwanaKilwa

Mpanda Minazi, mchango wako mzuri unanisaidia mimi kuliko unavyomsaidia Fundi Kasuku. Kama shida ilikuwa mikono ya marubani, basi mwaka mmoja zaidi wa mafunzo ungeiponya, na mwaka huo ulipotea kwenye ubishi wa mabomu.

#9 Fundi Kasuku

Ungewafundisha kwa injini zipi, ndugu yangu? Kila saa ya mafunzo ilikula sehemu ya kumi ya uhai wa injini mbaya, na zilizokuwapo zilihesabika.

#10 Kipanga Mweusi (mleta mada)

Nashukuru kwa michango, hasa #3 na #7. Naomba kuuliza jambo la pembeni kidogo. Nimesoma mara nyingi kwamba mabawa ya Me 262 yalilazwa nyuma kwa sababu Wajerumani walikwisha kugundua siri ya kukaribia kasi ya sauti, na kwamba jeti za Sabre ya Marekani na MiG-15 ya Urusi ziliiga kutoka hapo. Je, ni kweli?

#11 Nyuki wa Tabora

Nusu yake ni kweli. Adolf Busemann aliieleza nadharia ya mabawa yaliyolazwa mwaka 1935 kwenye mkutano wa wanasayansi huko Roma, mbele ya watu wa mataifa mengi, na wengi wao wakaisahau. Lakini bawa la Me 262 lililazwa nyuzi 18.5 tu, na sababu yake ya kwanza ilikuwa ya duka la fundi: injini zilizokuja zilikuwa nzito kuliko zilizoahidiwa, kitovu cha uzito kikahama, nao wakasogeza mabawa nyuma ili ndege isawazike. Kulaza huko kulisaidia kidogo mno kwenye kasi.

Kuhusu Sabre, karatasi za utafiti zilizokamatwa Ujerumani mwaka 1945 ndizo zilizowashawishi wahandisi wa North American, kampuni iliyounda Sabre, kuliacha bawa lililonyooka na kuchora la nyuzi 35. Ndege hiyo iliruka Oktoba 1, 1947, na MiG-15 ikaruka Desemba 30 mwaka huo huo. Kwa hiyo urithi upo, ila ulipitia kwenye makaratasi ya maabara, si kwenye bawa la Me 262 lenyewe.

#12 Mwana wa Goma

Nimefuatilia uzi huu kimya, na naona sababu moja haijatajwa. Mnazungumza "kiwanda" kana kwamba ni jengo lenye wafanyakazi wa mshahara. Agosti 17, 1943 Wamarekani walipiga mabomu kiwanda cha Messerschmitt huko Regensburg, na miongoni mwa vilivyoharibiwa ni vifaa vya kuundia viwiliwili vya Me 262. Baada ya hapo kazi ilitawanywa, nyingine ikaingizwa ardhini. Huko Gusen, karibu na Mauthausen, wafungwa wa kambi ya mateso walichimbishwa mahandaki kisha wakaunda viwiliwili vya ndege hii humo humo, na maelfu walikufa kwa njaa, kipigo na kazi. Huko Kahla katika Thuringia walitumikishwa watu walioletwa kwa nguvu kutoka nchi nyingi.

Nataja haya si kwa ajili ya huruma peke yake. Chombo kinachotaka vipimo vya sehemu za milimita, kikiundwa na mtu mwenye njaa ambaye ana kila sababu ya kutamani kisiruke, hakiwezi kuwa sawa na kile kilichojaribiwa na Wendel. Ziliundwa Me 262 zaidi ya 1,400, lakini zilizokuwa tayari kupigana kwa siku moja zilikuwa sehemu ndogo sana. Hilo si la Hitler peke yake wala la kromi peke yake.

#13 Mzee wa Pangani

Mwana wa Goma ameongea neno zito, na nisingependa lipite hivi hivi. Niongeze langu dogo kutoka upande wa mafundi.

Mimi nilikuwa fundi wa injini katika kambi moja ya ndege hapa nchini, miaka ile tulipokuwa na MiG-17 zilizoundwa China. Vijana wengi hawajui kwamba injini ile ni mjukuu wa Mwingereza. Serikali ya London iliwauzia Warusi injini za Nene na Derwent baada ya vita, Warusi wakaiiga Nene na kuiita RD-45, wakaikuza ikawa VK-1, na Wachina nao wakaiunda kwao kwa ajili ya ndege tulizozipata sisi. Kompresa yake, yaani sehemu inayobana hewa, ni ile ya gurudumu moja kubwa linalotupa hewa pembeni, njia aliyoishikilia Frank Whittle, Mwingereza mbunifu wa injini ya jeti, tangu mwanzo, tofauti na Jumo 004 yenye safu nane za vile vidogo vilivyopangwa mbele na nyuma.

Sasa hapo ndipo ninapotofautiana na Fundi Kasuku. Anaweka uzito wote kwenye madini. Nasema uzito uko kwenye uchaguzi wa umbo. Gurudumu lile nene la Whittle lilivumilia. Tulikuwa tukilikuta limekwaruzwa na mchanga, na kwa kipimo cha kitabu bado linaruhusiwa kuruka. Safu za vile vyembamba haziwezi uvumilivu huo. Wajerumani walichagua umbo la miaka ya baadaye wakiwa na chuma cha miaka iliyopita.

#14 Fundi Kasuku

Shikamoo mzee. Napokea, na nitajibu kwa adabu. Umbo lile nene lilikuwa na gharama yake, nayo ni upana. Ukiliweka chini ya bawa linaburuza hewa, na ndiyo maana Meteor ya mwanzo, pamoja na injini imara, haikuzidi kilomita 670 kwa saa, wakati Me 262 iliizidi kwa karibu kilomita 200. Kwa hiyo Wajerumani walikuwa na sababu ya kuchagua walivyochagua.

#15 Mzee wa Pangani

Marahaba. Walipata kasi, sawa, na sisi tulipata ndege iliyorudi nyumbani.

#16 Kijana wa Eastleigh

Mzee wa Pangani amenikumbusha jambo la huku kwetu Nairobi. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, Waingereza walileta Eastleigh jeti za Vampire kutoka Aden, na pia Meteor za upigaji picha zilizopita juu ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Kazi kubwa ya kudondosha mabomu iliachiwa ndege za pangaboi, yaani Harvard ndogo na Lincoln kubwa. Babu yangu alikuwa akisimulia sauti ya jeti iliyofika baada ya ndege yenyewe kupita, na watu wa kijijini kutojua waangalie upande gani.

Nimejiuliza kwa nini jeti hazikutumika zaidi. Eastleigh iko mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, bado hujaongeza jua la mchana. Injini ya jeti hula hewa, kwa hiyo hewa ikipungua msukumo nao hupungua, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Vampire yenyewe ilikuwa na injini moja ya Goblin na sehemu ya mbele iliyoundwa kwa mbao. Mkia wake ulishikwa na fito mbili ili bomba la moto liwe fupi, kwa kuwa wakati ule bomba refu lilipoteza msukumo mwingi.

#17 Mpanda Minazi

Kijana wa Eastleigh, sababu ya hewa nyepesi ina uzito wake, lakini hata pwani jibu lisingebadilika sana. Kumtafuta mtu chini ya mianzi kwa ndege inayopita kwa kilomita 700 kwa saa ni sawa na kutafuta sindano ukiwa juu ya pikipiki. Harvard ilikuwa polepole, na upole wake ndio uliohitajika.

Naomba nirudi kwenye mikono. Mzee anasema Meteor ilirudi nyumbani. Injini ilirudi, ndiyo, lakini rubani si kila siku. Hesabu inayotajwa ya kikosi cha anga cha Uingereza ni Meteor 890 zilizopotea katika miaka yote ya utumishi wake, na marubani 450 waliokufa, wengi wao bila adui yeyote kuwapo. Mwaka 1953 peke yake zilianguka 145.

Sababu moja ilikuwa mafunzo yenyewe. Injini za Meteor zilikaa mbali na kiwiliwili, kwa hiyo ikizimika moja, ile nyingine iliisukuma ndege igeuke kwa nguvu, na rubani alipaswa kukanyaga usukani wa mguu mpaka goti litetemeke. Walimu walikuwa wakizima injini moja makusudi ili mwanafunzi ajizoeze, na waliokufa katika mazoezi hayo walizidi waliokufa kwa injini iliyozimika kwa bahati mbaya. Lilikuwapo pia tatizo la ndege ya mafunzo, toleo la T.7. Rubani akiwa bado amefungua breki za hewa kisha akashusha magurudumu karibu na uwanja, hewa iliyovurugika iliufikia mkia, ndege ikapindika na kuzama pua chini bila onyo. Toleo hilo halikuwa na kiti cha kumrusha rubani nje.

#18 Bi Zuhura wa Vuga

Nimesoma #17 mara mbili. Kwa hiyo ndege iliyosifiwa hapo juu kwa uimara iliua marubani wake wenyewe 450, na ile iliyotukanwa kwa injini za saa kumi ndiyo iliyokuwa na kasi. Mtu akiniuliza ipi ilikuwa ndege nzuri nitamwambia aende akapande daladala.

#19 Nyuki wa Tabora

Daladala nayo ina takwimu zake, Bi Zuhura.

Nakubali sehemu ya hoja ya Mpanda Minazi, lakini hesabu ya 890 isitumike bila muktadha. Meteor zilikuwa nyingi na zilirushwa kwa zaidi ya muongo mmoja katika hali mbaya ya hewa ya Uingereza, na marubani walikaribishwa kwenye jeti kwa maelezo ya mdomo kabla ya kupewa ndege ya viti viwili. Marekani nao walizika watu wakati wa amani. Milo Burcham, rubani mkuu wa majaribio wa Lockheed, alikufa katika P-80, jeti ya kampuni hiyo, Oktoba 1944, na Richard Bong, aliyeshika nafasi ya kwanza kwa ushindi angani miongoni mwa Wamarekani, alikufa katika ndege ya aina hiyo hiyo Agosti 6, 1945. Wote wawili walikosa mafuta kwenye injini muda mfupi baada ya kuruka kwa sababu ya pampu.

#20 MwanaKilwa

Mmenizunguka, lakini sijashuka kwenye basi. Swali la mleta mada lilikuwa kuhusu ucheleweshaji, na hakuna aliyeeleza kwa nini Waingereza nao walichelewa ingawa hawakuwa na Hitler wala upungufu wa nikeli. Whittle alisajili hataza yake mwaka 1930, na mwaka 1935 ikafa kwa sababu ada ya kuihuisha ilikuwa pauni tano, wizara ikakataa kuilipa naye hakuwa nazo. Ndege yake ya kwanza, E.28/39, iliruka Cranwell Mei 15, 1941 kwa dakika 17, na bado ikachukua miaka mitatu kufika vitani. Katikati hapo kazi ya injini ilikwama mikononi mwa kampuni ya magari ya Rover, mpaka Rolls-Royce walipoichukua mwanzoni mwa 1943 na kuwaachia Rover kiwanda cha injini za vifaru. Injini hiyo ya kifaru, kwa vituko vya dunia, nayo iliitwa Meteor. Makubaliano yanasimuliwa kuwa yalifanyika mezani kwenye nyumba ya wageni huko Clitheroe. Mnaona basi? Kila mahali ni uongozi.

#21 Fundi Kasuku

Hapo umenipa kitu cha kufikiri. Lakini Rolls-Royce walipoichukua, kilichobadilika ni mafundi waliojua kujaribu na kuvunja na kujaribu tena. Je, huo ni uongozi au ni ufundi? Mkuu mwenye busara akimpa kazi asiyeijua, injini haitawaka.

#22 Kipanga Mweusi (mleta mada)

Nimesoma yote. Siwezi kusema nimepata jibu moja, maana Fundi Kasuku amenishawishi asubuhi, Mzee wa Pangani mchana, na Mwana wa Goma amenifanya nisilale. Kauli ya "ni Hitler tu" nimeiweka kando, ingawa MwanaKilwa hataniruhusu niitupe.

Nina swali dogo lililobaki. Nimeona picha ya Jumo 004 yenye kishikio cha pete katikati ya tundu la mbele la kuingizia hewa. Pete hiyo ni ya kazi gani?

#23 Mzee wa Pangani

Hiyo ni ya kuwashia, kijana wangu. Ndani ya ile pua ya katikati kulikuwa na injini ndogo ya pistoni mbili, iliyoitwa Riedel, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili kama pikipiki za zamani. Kazi yake ilikuwa kuizungusha injini kubwa mpaka ishike moto. Kwa kawaida iliwashwa kwa umeme, na umeme ukigoma, fundi alisimama mbele ya jeti, akashika pete, akavuta kamba kama anayewasha jenereta ya dukani. Halafu akakimbia.